Dobi na Konokono Arobaini na Mmoja

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ukimpa maji atayaosha kwanza ndipo ayatumie. Wiki niliyoolewa alikuja kutusalimu, akaketi, akapokea kikombe, na kabla ya kunywa akatoa kitambaa mfukoni akafuta ukingo. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba mimi na dada yake hatutaiva chungu kimoja. Akacheka, akasema, "Chungu chenyewe atakuwa ameshakisugua mpaka kimetoboka."

Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Si dobi wa kuuliza, dobi wa kuulizwa. Damu aliitoa kwa maji baridi, kutu kwa ndimu na chumvi, na dawa ile ya njano ya vidonda aliiachia jua. Mashuka yakiwa yamelowa na kukunjwa, yeye amesimama mlangoni, angesema, "Lile la tatu lina doa," nao wenzake wakilifunua wanalikuta, dogo kama kichwa cha pini. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia muuguzi mkuu, walimwita Takasa. Zilipoletwa mashine kubwa zinazohitaji mtu wa kubonyeza vitufe tu, wakamuaga kwa cheti na saa ya ukutani. Cheti anacho. Saa niliiuza mimi.

Mimi ni mtu wa soko. Nanunua vilivyochokwa na watu, makabati, viti, vioo, masinki, nawauzia wanaoanza maisha. Nilianza na ndoo moja iliyopasuka mdomo, na leo nina banda lenye paa na makufuli mawili. Kwa hiyo wifi aliponieleza kazi yake mpya, maswali yangu yalikuwa ya mtu wa soko.

Taasisi moja ya utafiti ilimwajiri awe msafishaji, na juu ya kudeki ikampa chumba cha mwisho ghorofa ya pili, amsaidie mtaalamu mmoja kufuga konokono.

"Wa kuliwa?" nikauliza.

"Wa kutunzwa."

"Maganda yao yanauzika?"

Aliniangalia jinsi anavyoangalia kutu. "Wifi, hao wamebaki arobaini na mmoja. Si mtaani kwetu, dunia nzima. Wako kwenye visanduku sita, na ufunguo ninao mimi."

Nilikuwa namjua miaka mingi, lakini sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Akanivuta nikawaone.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lililopakwa rangi nyeupe kuzuia jua, meza ya bati, kipimajoto kinachoning'inia kwenye uzi, na daftari lililofungiwa penseli. Visanduku vilikuwa vya plastiki, kama vile vya watoto kubebea chakula shuleni, vifuniko vimekatwa katikati na kubandikwa wavu. Ndani, juu ya majani, walikaa wenyewe. Wadogo kama punje ya mahindi, rangi ya asali, kila mmoja na mstari mmoja wa kahawia kama uzi wa cherehani. Wifi akanipa kioo cha kukuzia. "Tazama ganda linavyozunguka. Konokono karibu wote unaowajua huzunguka kulia. Hawa kushoto. Tena hawatagi. Wanazaa, mmoja mmoja, mtoto anatoka na ganda lake mgongoni."

Walikuwa wakiishi kwenye miti ya kilima kimoja tu. Watu wakaleta konokono mwingine, mkubwa, mla nyama, ili awamalize konokono waharibifu wa mashamba. Mgeni akaonja waharibifu, hakuwapenda, akapanda miti kuwala hawa. Mtaalamu wa wifi, ambaye kila mtu pale alimwita Daktari wa Konokono, alipanda kilima kile mara kumi na moja, na mara ya mwisho akashuka na waliobaki ndani ya kopo la maziwa.

Nikasema kimoyomoyo, bidhaa imebaki arobaini na moja dunia nzima, na hakuna anayeigombania. Hilo soko sijawahi kuliona.

Miezi miwili baadaye Daktari aliteleza kwenye ngazi akavunjika paja. Akiwa kwenye machela, wifi anasema, hakuulizia mguu wake. Aliomba karatasi, akaandika: joto lisipite alama nyekundu, nyunyiza maji asubuhi na alasiri, badili majani kila siku ya tatu, hesabu kila siku, weka pasafi. Kisha wakambeba.

Wiki tatu zikapita. Mchana mmoja wifi akaja bandani kwangu, akaketi kwenye kiti kikuukuu nilichokuwa nimekinunua asubuhi hiyohiyo, na hakukifuta. Hapo nikajua kuna msiba.

"Ishirini na watatu," akasema.

"Kina nani?"

"Waliobaki. Wanajikunja ndani ya maganda, wanakauka. Leo peke yake wawili. Joto ni sawa, maji ni sawa, majani nabadili hata kabla ya siku. Nimefuata karatasi ile kama dawa ya daktari."

"Na yeye mwenyewe umemwambia?"

Akaangalia vidole vyake, vile vidole vilivyokunjamana kwa sabuni. "Nilipokwenda kumtazama nilimwambia hawajambo. Nitamwambia nini, kwamba nawaua?"

Kumbe hilo halikuwa zito kuliko lililobaki. Mkuu wa Idara alikuwa ameliona daftari. Amesema ifikapo Ijumaa waliobaki wataingizwa kwenye chupa ya spiriti, wawekwe kabatini watu wawaone wangali wazuri, kuliko wafe ovyo. Na chumba kitawekwa kompyuta.

"Miaka maelfu kwa maelfu wameishi," wifi akasema, "waje waishie mikononi mwa dobi."

Mimi si mtu wa kulia na mtu. Nilimuuliza, "Huyo Mkuu anataka nini?"

"Anataka chumba."

"Hataki chumba, anataka nafasi. Simama, twende."

Njiani tukapitia kwa konokono. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka ukutani hadi dirishani, na majani yameanikwa juu yake kwa vibanio vya nguo, moja moja, yanang'aa. Nikapita chini yake nikainama, wala sikuwaza lolote. Kwa nyumba ya wifi yangu, hiyo ni kawaida.

Mkuu wa Idara alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilimsalimu nikakaa bila kukaribishwa, maana anayesimama hashushi bei. Akaeleza: Ijumaa. Nikanyamaza. Akaeleza tena, kwa maneno mengi zaidi. Nikanyamaza. Mtu ukimwachia kimya mwenyewe hukijaza na anachokihitaji, naye akafika huko: kompyuta kumi zimekaa kwenye maboksi mwezi mzima, hazina pa kuwekwa.

"Na ile stoo ya chini, karibu na lango," nikasema, "imejaa nini?"

"Takataka. Makabati yaliyovunjika, viti, vioo. Nimeomba gari la kuziondoa tangu mwaka juzi."

"Mimi nitaziondoa. Kesho saa nne stoo itakuwa tupu, imefagiwa, hulipi hata senti. Wewe nipe miezi mitatu ya konokono."

"Mama, unanichekesha. Wiki moja."

"Miezi miwili."

"Siku kumi, na hapo nimekuonea huruma."

Nikainuka, nikachukua mkoba, nikafika mlangoni. Huo mlango nimeufikia mara nyingi maishani na sijawahi kuupita. "Basi tafuta gari," nikasema.

Tukakutana kwenye siku kumi na nane. Lakini naye hakuwa mjinga, akatia sharti. "Siku ya kumi na nane nitakuja mwenyewe. Kinachokufa tu sikihifadhi. Nikikuta hata mtoto mmoja amezaliwa, chumba kinabaki mpaka Daktari arudi. Nisipomkuta, chupa."

"Mmoja?"

"Mmoja, hai, nimwone kwa macho yangu."

Nje, wifi akanishika mkono kwa nguvu. "Mtoto? Wanakufa, wewe umekubali mtoto?"

"Ulipokuja bandani ulikuwa na siku tatu. Sasa una kumi na nane. Zitumie vizuri."

Kesho yake nikaimwaga stoo ile. Makabati yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, ila hilo halikumhusu Mkuu. Nyuma ya ukuta, chini ya bomba la paa linalovuja, nikaokota tangi la kioo la kufugia samaki, limekaa nje misimu mingi mpaka vioo vimeota utando wa kijani na madoa ya ukungu meusi. Nikampelekea wifi, kwa kuwa visanduku vyake viwili vilikuwa na ufa.

Alilishika kwa ncha za vidole. "Hili umelitoa kaburini?"

"Mimi siuzi kitu kilichooshwa," nikamwambia. "Kitu kichafu mnunuzi hudhani muuzaji hajui thamani yake, anajitutumua kununua. Osha wewe."

"Kesho. Leo nina majani ya kusugua." Akalisukuma mwisho wa meza.

Siku hiyo wakafa wawili, iliyofuata mmoja. Siku ya nne nilikuwa nimepita kuangalia kama kuna kabati jingine la kuokoa pale jengoni, nikamkuta wifi amepiga magoti chini ya meza, uso umemvimba.

"Kumi na tisa," akasema. "Jana walikuwa ishirini. Na hakuna maiti."

"Labda umekosea kuhesabu."

Akainua kichwa. Mtu aliyehesabu mashuka mia nne kila siku kwa miaka ishirini na miwili haulizwi swali hilo. Nikainama nami. Tukatafuta sakafuni, nyuma ya mlango, kwenye mikunjo ya aproni yake. Nikamuuliza anavyohesabu, hatua kwa hatua, kama ninavyomuuliza mtu aliyepoteza bidhaa. Anafungua kisanduku, anaweka kifuniko pembeni, anahesabu wa ndani, kisha anahesabu walioning'inia kwenye kifuniko. Pembeni wapi? Meza imejaa majani yanayokauka. Basi pembeni juu ya tangi.

Tukageuka pamoja.

Alikuwa ndani ya tangi. Amebandama kwenye kioo kichafu kuliko vyote, na hakuwa amejikunja. Pembe zake zimetoka zote nne, shingo imenyooka, kichwa kinakwenda huku na huku, huku na huku. Nyuma yake, katikati ya ule utando wa kijani, kulikuwa na njia safi iliyopindapinda kama mshono, ndefu kama mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Anafanya nini?" nikanong'ona.

Wifi alichukua kioo cha kukuzia. Nilimwona mdomo ukifunguka polepole.

"Anakula," akasema. "Wifi, anakula uchafu."

Mimi nami nikatazama. Ulimi wake ulikuwa unalamba ukungu, unauzoa kama mtu anayefuta sufuria kwa kidole. Nikatazama yale majani kwenye kamba, yamesuguliwa, yanang'aa, hayana kitu. Hapo ndipo jambo zima lilipotuingia, mimi na yeye kwa mpigo mmoja. Konokono hawa hawali jani. Wanakula utando unaoota juu ya jani. Jani ni sahani. Wiki tatu nzima wifi yangu alikuwa anawaandalia sahani tupu, zilizooshwa vizuri mno.

Hakulia. Alivua aproni, akaifunga tena, akaanza kuwahamisha mmoja mmoja kwa ncha ya brashi, akiwaweka kwenye kioo kichafu, na kila mmoja alipogusa ule utando nasi tuliinama kumtazama. Wa kwanza akatoa pembe. Wa pili akatoa pembe. Wa saba alichelewa mpaka nikaanza kumsemesha, mimi ambaye sisemi na hata paka. Ilipofika adhuhuri walikuwa wanakula wote ishirini, na kile kioo kimejaa njia kama ramani ya mji.

Alasiri tulikuwa hospitalini. Daktari wa Konokono alilala mguu juu, umefungiwa uzito. Wifi alisimama mwisho wa kitanda akaungama yote, idadi na majani na kamba.

"Uliyaosha?" Daktari akauliza.

"Ndiyo."

"Majani?"

"Kila jani. Pande zote mbili."

"Kwa maji tu?"

"Na brashi laini."

Daktari akaangalia dari. "Mimi huyachuma kule nyuma, chini ya miti mizee, penye unyevu. Yakiwa na ukungu ndiyo mazuri. Sikuandika." Akaanza kutikisika, nikadhani ni maumivu, kumbe kicheko, kinamtoka kwa shida. "Nani angefikiri kumwandikia mtu asioshe jani?"

"Dobi angefikiri," wifi akasema. "Ungemuuliza."

Akaacha kucheka. Akamwambia wenye njaa huzuia mimba, na wakishiba huenda wakazaa, huenda. Siku kumi na nne ni chache. Hakuahidi.

Hizo siku kumi na nne nyumba yetu iligeuka. Mtu ambaye maisha yake yote alipigana na uchafu sasa alikuwa anauwinda. Wifi alizunguka nyuma ya majengo akichungulia kuta za kivulini, akipapasa majani kwa kidole gumba. "Hili halina kitu. Hili angalau. Ah, hili, tazama hili lilivyooza vizuri." Mume wangu alileta gunia zima kutoka bondeni, dada yake akalikagua akakataa nusu. "Haya ni mavumbi, kaka. Sitaki mavumbi, nataka ukungu."

"Sasa hata uchafu una daraja," mume wangu akanilalamikia.

Alilipanga tangi lile kama kitanda cha mgonjwa. Sabuni hakugusa, mikono alisuuza kwa maji ya mvua tu. Jioni nilimwona akipita jikoni kwangu, anaona sufuria yenye masizi, vidole vinamcheza, na anajizuia kama mtu aliyeacha tumbaku.

Mmoja aliyekuwa amekwisha dhoofika alikufa siku ya sita. Baada ya huyo, hakuna. Kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa, daftari likaandika. Wakanenepa. Wakapanda, wakashuka, wakapandana. Lakini mtoto hakuna. Siku ya kumi na saba wifi alitazama kila jani kwa kioo cha kukuzia mara tatu, na jioni hakula.

Siku ya kumi na nane Mkuu wa Idara alifika saa tatu kamili, na nyuma yake msaidizi wa maabara amebeba chupa. Nilikuwepo, maana mkataba ni wangu. Mkuu alihesabu mwenyewe, kwa uaminifu, namsifu kwa hilo. "Kumi na tisa. Wakubwa wote."

"Hawajafa tangu siku ya sita," nikasema. "Walikuwa wanakufa wawili kwa siku. Hiyo nayo ni bidhaa."

"Tulikubaliana mmoja aliyezaliwa."

"Tulikubaliana. Nakuongezea: ile ngazi ya dharura imejaa vyuma chakavu..."

"Mama," akasema, bila ubaya, "hapa hakuna tena bei ya kupatana."

Wifi alikuwa amesimama pale mlangoni alipozoea kusimama, macho kwenye tangi. Mkuu aliinama mara ya mwisho, akasogeza uso karibu, na kama afanyavyo mtu yeyote nadhifu akiona kioo kina tone la uchafu mbele ya macho yake, akatoa leso mfukoni, akaikunja kwenye kidole, akakipeleka ndani kulifuta.

"Usifute."

Wifi alikuwa ameshavuka chumba. Sikumwona akitembea. Alikuwa ameukamata mkono wa Mkuu wa Idara kwenye kifundo, leso imebaki hewani umbali wa ukucha mmoja kutoka kwenye kioo, naye hakuuachia.

"Hilo si doa," akasema. "Madoa nayajua yote. Hilo jana halikuwepo, na doa halina kivuli."

Msaidizi akaweka chupa chini. Mkuu akapewa kioo cha kukuzia, akatazama, na nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Akanipa mimi. Lilikuwa dogo kuliko punje ya ufuta, laangaza kama tone la asali. Ganda lilikuwa limezunguka mara moja na nusu tu, kuelekea kushoto. Na kutoka chini yake, nyembamba kuliko nywele, zikatoka pembe mbili, kisha mbili. Mbele yake, kwenye utando wa kijani, palikuwa na njia safi yenye urefu wa nukta.

"Amekwisha anza kula," nikasema.

Mkuu wa Idara alikunja leso yake taratibu sana, akairudisha mfukoni. "Nilitaka kumfuta," akasema. Akarudia. "Nilitaka kumfuta."

"Mmoja, hai, kwa macho yako," nikamkumbusha, maana mkataba ukiwa mtamu ndipo unapofungwa.

"Chumba kinabaki." Akamgeukia wifi. "Na wewe, tafadhali, mkono wangu."

Akauachia. Akaenda kwenye daftari, akachukua penseli, akaandika: ishirini. Kisha akabaki ameinamia pale, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nikajifanya nakagua ufa kwenye kisanduku.

Daktari alirudi na magongo yake. Ile karatasi imebandikwa ukutani hadi leo, na chini ya maneno "weka pasafi" pana mwandiko wa wifi, wa herufi kubwa: SAKAFU TU. Hesabu yangu ya mwisho waliponiruhusu kuingia ilikuwa sitini na wanane. Tangi nimelidai mara mbili, hasa tangu nilipopata mteja wa matangi. Wifi ananijibu kwamba siku niliyolipeleka nilisema osha wewe, naye bado hajaliosha, kwa hiyo kazi haijakwisha.